Mchicha kwa Mtindi

Sisi watu wa pwani ya kusini hatukukulia katika maziwa. Mtoto wa Kisukuma aweza kukutajia ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Mtoto wa Msimbati atakueleza majira ya kusi na kaskazi, atakuonyesha pweza anapojificha maji yakitoka, na atagonga nazi kwa ukucha akuambie kama ni dafu, ni koroma au imekomaa. Ng'ombe hakuwamo katika hesabu zetu. Mbung'o na ugonjwa wa nagana vilimfungia mlango. Katika utoto wangu, miaka ya 1950, maziwa yalikuwa unga uliotoka katika kopo, ukikorogewa mgonjwa au mgeni. Tulipotaka weupe katika chungu tulikuna nazi. Hata ghuba yetu inaitwa Mnazi.

Nayasema haya ili msomaji auelewe ugeni wa jambo ninalotaka kumsimulia. Mimi, mkuu wa chuo cha ualimu mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, siku hizi hupika kwa mikono yangu chakula cha Waajemi cha mtindi na spinachi. Nao wenyewe hukiita borani. Wengi hulinasibisha jina hilo na Buran, mke wa Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, bibi wa karne ya 9 ambaye harusi yake ilisifika kwa ufahari. Nyumbani kwangu hakuna ufahari wowote. Pana bakuli moja la kauri, kijiko kidogo, na mgonjwa mmoja.

Mwezi Machi mwaka 2022 mke wangu alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakamtoka kinywani kama ndege waliofunguliwa kizimba. Alikuwa akituelewa vizuri. Macho yake yalionyesha hivyo. Lakini alipotaka kusema "maji" alitoa sauti isiyokuwa neno, akajisikia, akanyamaza. Tumeoana tangu mwaka 1974. Kwa muda wote huo mimi ndiye niliyelipwa mshahara wa kusema, na yeye ndiye aliyekuwa na la kusema.

Watu wengi hudhani kiharusi ni jambo la mkono na mguu. Kumbe koo nalo hupooza. Muuguzi aliyetufundisha kumlisha alitueleza jambo ambalo nilikuwa silijui katika maisha yangu yote, nalo ni kwamba kwa mgonjwa wa namna hiyo maji matupu ni hatari kuliko chakula kizito. Maji huteleza haraka kabla koo halijajiweka sawa, yakaingia njia ya pumzi. Mgonjwa hupaliwa, na yakifika mapafuni huweza kuleta homa ya mapafu. Kitu kizito na laini, kisicho na chembe wala nyuzi, hushuka taratibu na kumpa nafasi. Basi akatuagiza: mketishe wima, kijiko kiwe kidogo, ainamishe kidevu kidogo anapomeza, msubiri hadi amalize ndipo mlete kingine, na akishakula asilazwe mpaka ipite nusu saa. Niliyaandika yote katika daftari kwa mwandiko wa ubaoni. Bado ninalo.

Tukaanza na uji mzito. Uji wa mtama, uji wa mahindi, uji wa muhogo, viazi vilivyopondwa, ndizi zilizopondwa. Miezi ikapita. Siku moja akageuza uso ukutani. Nikaleta kijiko upande wa pili, akageuza uso upande ule mwingine. Mtu aliyepika wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kisamvu cha karanga kwa karibu nusu karne, ukimlisha uji asubuhi, mchana na jioni, atakuwa amefungwa gerezani katika nyumba yake. Na daktari alikuwa ameshatuambia tupunguze mambo mawili kwa sababu ya shinikizo la damu na mafuta mwilini: chumvi na tui. Mwambie mwanamke wa Msimbati aache tui! Alikuwa anapungua kilo, nami nilikuwa naona.

Binti yetu wa pili anafanya kazi Muscat. Hupiga simu kila Ijumaa, humwekea mama yake uso kwenye kioo cha simu na kuzungumza peke yake kwa wawili. Ijumaa moja, baada ya kumaliza na mama, akaniambia: "Baba, jirani yangu hapa ni mama wa Kiajemi. Kuna kitu hupika cha mtindi uliokamuliwa na spinachi. Ni kizito, ni laini, ni baridi, na chumvi waweza kuitia kidogo tu. Hebu jaribu." Nikamwambia, "Mwanangu, nani atakayejaribu? Mama yako ndiye mpishi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe una mikono miwili, Baba."

Nilikwenda kukaa barazani kulitafakari hilo la Uajemi, maana si nchi ngeni kwetu kwa maneno. Pwani hii imejaa watu wanaojiita Washirazi. Tangu utoto tulisikia habari za Ali bin Hassan aliyekuja Kilwa kwa majahazi. Wanahistoria walibishana kwa muda mrefu kama habari hizo ni kweli au ni majivuno ya wakubwa. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, wakaona kwamba watu wengi waliozikwa pale walikuwa na asili ya Kiafrika hasa upande wa mama, na asili ya Asia, kubwa yake ya Kiajemi, hasa upande wa baba. Na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Basi nikajiuliza: baba zao walikuja kutoka nchi ya mtindi, mbona mtindi wao hawakutuachia? Walituachia maneno. Bandari ni lao, nanga ni lao, pamba ni lao, hata serikali ni neno lao. Lakini angalia chungu cha Mswahili: nazi, muhogo, mtama, samaki, majani ya kunde. Nadhani jibu ni jepesi. Baba wale walikuwa wanaume. Walishuka majahazini na bidhaa zao, wakaoa, wakaketi sebuleni wakingoja kuletewa chakula. Jikoni walikuwamo mama zetu, na mama walipika walichokijua. Lugha ya watoto nayo ikawa ya mama. Mwajemi aliyetaka borani angelazimika kuingia jikoni mwenyewe, na yaelekea hakuingia.

Mimi niliingia. Wenzangu wa rika langu watanielewa nikisema halikuwa jambo dogo. Jandoni tulifundishwa mengi, jiko halikuwamo. Nilipokuwa chuoni nilipita katika karakana ya Sayansi Kimu na daftari la ukaguzi, nikahesabu sufuria, nikatia saini, nikaondoka. Wazee wa barazani walipopata habari kwamba nakamua mtindi, mmoja alisema kwa sauti ya kusikika mpaka njiani kwamba Mwalimu kalishwa limbwata uzeeni. Nilimjibu kwamba limbwata hilo nalipika mwenyewe. Wakacheka, nami nikaenda zangu kuwahi maziwa.

Maziwa sasa yapo. Miaka ya 2006 na 2007 wafugaji waliohamishwa kutoka Usangu walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na tangu hapo ng'ombe na mtu wa kusini wamezidi kuzoeana, mara nyingine kwa ugomvi wa mashamba. Wapo pia wafugaji wa ng'ombe wa ndani mjini Mtwara. Mimi huletewa na kijana mwenye pikipiki, Jumatatu na Alhamisi, lita mbili kwa kila safari.

Kwanza nieleze tofauti, kwa kuwa sisi twaviita vyote mtindi. Maziwa mabichi ukiyaacha katika kibuyu huganda yenyewe kwa vijidudu vilivyomo hewani na chomboni. Ndiyo mtindi wa wafugaji wetu, mwepesi na mkali. Mtindi wa Waajemi, waitao mast, hugandishwa kwa mbegu maalumu katika maziwa yaliyochemshwa, na vijidudu vyake hupenda joto. Mmoja wa vijidudu hivyo alitambuliwa mwaka 1905 na mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, alipokuwa Geneva. Ndiyo sababu akapewa jina la nchi ile. Ni ufugaji pia huu, ila mifugo haionekani.

Nachemsha lita mbili za maziwa kwa moto mdogo, nikikoroga, mpaka yanakaribia kufura, kisha nayaweka katika hali hiyo kwa dakika kumi. Hilo huua wadudu wabaya, na pia hubadili utomvu wa maziwa ili mtindi uwe mzito. (Hapa nitoboe jambo kwa upole: gesi iligunduliwa hapa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam, lakini gesi ya mtungi ninayopikia ni aina nyingine, nayo huagizwa kutoka ng'ambo. Visima viko jirani yangu. Mzee akiwasha jiko hukumbuka mambo.)

Maziwa yakishaiva nayaacha yapoe mpaka niweze kuzamisha kidole kidogo na kuhesabu moja hadi kumi bila kukichomoa. Yakiwa na moto zaidi mbegu hufa. Yakiwa baridi hulala. Kisha natia vijiko viwili vya mtindi wa kawaida usio na sukari wala ladha ya vanila. Hili ni la kuangalia sana, maana nyingi za zile zinazouzwa madukani kwa jina la yogati ni peremende za kunywa. Nakoroga, nafunika kwa kawa, nazungushia blanketi, na kwa joto letu la Mtwara saa sita zatosha. Mbegu ya siku ya pili huichota humohumo kabla ya kukamua.

Kukamua ndiko kulikoleta siku ya kwanza ya furaha katika habari hii. Nilikuwa nimekunja kitambaa cha bafta (neno jingine la Kiajemi hilo, maana yake ni kilichofumwa) nikitafuta pa kukitundika. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jiko, akiniangalia kama mkaguzi wa shule. Akainua mkono wa kushoto, akanyosha kidole ukutani. Nikatazama: palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, na juu yake kifumbu chake cha kuchujia tui, kikavu, hakijaguswa kwa miezi. Nikakishusha. Akaitikia kwa kichwa. Nikatandika bafta ndani ya kifumbu, nikamimina mtindi, nikakining'iniza juu ya bakuli. Maji yakaanza kudondoka, manjano kidogo, taratibu. Chombo cha nazi kimechuja mtindi, na aliyekipa kazi ni mwenyewe.

Baada ya saa nne hubaki kama nusu ya ulichomimina, kizito kiasi cha kijiko kusimama. Yale maji hayatupwi; hukandia unga wa chapati.

Sasa majani. Spinachi ni mmea wa Kiajemi hata kwa jina: Waajemi waliuita aspanakh, Waarabu wakalichukua neno, likapita Ulaya, Waingereza wakalitamka walivyoweza, nasi tukalipokea kwao. Lilizunguka nusu ya dunia kutoka kwa jirani wa ng'ambo ya bahari. Na baada ya safari yote hiyo, majani mapana yauzwayo sokoni kwetu kwa jina la spinachi kwa kawaida si spinachi, ni ndugu yake wa jamii ya kiazisukari. Mchicha wetu nao wataalamu huuweka katika ukoo uleule mmoja. Kwa hiyo nilipoamua kutumia mchicha wa bustanini kwangu, sikuwavunjia heshima Waajemi. Niliita binamu aje kushika nafasi.

Mafungu matatu makubwa yanatosha, na usishangae yakinywea kuwa ngumi moja. Nachuma majani tu, shina lote naliacha, kwa kuwa lina nyuzi na nyuzi ndizo adui wa koo la mke wangu. Nayatumbukiza katika maji yanayochemka kwa dakika mbili tatu, namwaga maji, nakamua kwa mikono mpaka yasitoe tone, kisha nakata kwa kisu, nakata tena, nakata tena. Kitunguu kimoja na punje mbili za kitunguu saumu nazikaanga kwa mafuta kidogo na manjano mpaka vilainike kabisa, natia mchicha, nageuza mara chache, naepua. Halafu hungoja. Mchicha ukiwa na moto ukichanganywa na mtindi, mtindi hukatika na kutoa maji, na ule uzito wote uliokaa saa nne kuutafuta unapotea. Kikiwa baridi ndipo nachanganya, vijiko vitano vya mtindi kwa viwili vya mchicha.

Waajemi hunyunyizia jozi juu yake. Sisi watu wa Mtwara tuna korosho, zao lililoletwa na Wareno kutoka Brazil likapenda mchanga wetu kuliko wa kwao. Nasaga korosho mbichi na maji kidogo mpaka iwe kama krimu, nachanganya ndani kijiko kimoja. Huleta utamu ule wa mafuta ambao mke wangu alikuwa akiutafuta katika tui. Binti alituma zafarani katika kibahasha kidogo kama cha stempu. Natia nyuzi tatu katika maji ya moto na kudondosha juu, kwa ajili ya macho.

Neno moja kwa wenye wagonjwa. Majani haya yana vitamini inayosaidia damu kuganda. Mgonjwa anayetumia dawa ya warfarini asibadili ghafla kiasi cha majani anachokula bila kusema na daktari. Mke wangu hatumii dawa hiyo, niliuliza kwanza.

Siku ya kwanza nilimketisha wima, nikampa ncha ya kijiko. Akainamisha kidevu, akameza. Nikangoja. Hakukohoa. Akafungua kinywa. Nikampa cha pili. Alikiweka ulimini muda mrefu, akinitazama, na uso wake ukawa ule wa siku ninaleta samaki aliyekwisha kulegea macho. Kisha akasema, kwa sauti nene lakini safi, kila silabi mahali pake:

"Chumvi."

Miezi mitano nilikuwa sijasikia neno kamili kutoka kinywani mwake. Nilisimama na bakuli mkononi nisijue nishangilie neno au nikatae ombi. Kijana wetu aliyekuwapo alianza kulia. Mama yake akamtazama, akanitazama mimi, akarudia kwa ukali, kama mtu anayesema na viziwi: "Chumvi!" Nikatia chembe kwa ncha za vidole, nikakamulia ndimu nyingi juu yake. Ndimu humdanganya ulimi. Akaonja, akanyamaza, akafungua kinywa.

Katika miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu kijana, nikifundisha watu wazima kusoma chini ya miembe kwa taa ya chemli. Tulikuwa na vitabu vya kuanzia, na kila kitabu kilianza na maneno ya kazi ya mtu: jembe, pamba, samaki. Mvuvi alijifunza kusoma "nyavu" kabla ya kusoma "wizara". Ule ulikuwa mpango mzuri, nami nimeurudia. Maneno ya mke wangu yamerudi kwa njia ya jikoni. Baada ya chumvi lilikuja "bado," ninapotaka kufunua mtindi kabla ya wakati wake. Likaja "moto." Likaja "kamua," na baada yake "kamua vizuri," na hiyo ni sentensi. Siku moja jirani wa kike alikuja akaangalia bakuli, akauliza kwa adabu hiki kibichi cha Mwalimu ni kitu gani, na mke wangu akamjibu kutoka kitini: "Mchicha." Kisha akatafuta, akatafuta, paji la uso limekunjamana, sote tumenyamaza, mpaka akalipata: "Wa Mwalimu."

Kilo zimerudi baadhi. Mkono wa kulia haujarudi. Sasa anashika kijiko kwa kushoto, hula polepole, na bakuli huwekwa juu ya kitambaa chenye maji lisiteleze. Wiki iliyopita alinionyesha nazi, akaonyesha bakuli, akainua kidole kimoja. Nilimweleza habari za daktari. Alizisikiliza zote. Kisha akainua kile kidole tena, nami nikashusha mbuzi ukutani, nikakuna kiasi cha kijiko kimoja cha tui, nikachanganya na mtindi wa Waajemi. Nitamweleza daktari tarehe ya kliniki, na kijiko nitakwenda nacho mfukoni ili aone udogo wake.